Maktau ilikufa kabla lami haijafika

Ukitoka Voi kwenda Taveta, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, milima ya Taita hukusindikiza mkono wa kulia hadi Mwatate na Bura, kisha inabaki nyuma na nyika inafunguka. Mbele kidogo ndiyo Maktau: makazi machache, lango la kuingilia Mbuga ya Tsavo Magharibi, malori ya Holili, upande wa Tanzania, yanayopita bila kupunguza mwendo, na stesheni ya reli isiyo na treni. Ukiuliza ndani ya matatu ni nini kilichoiua stesheni hiyo, jibu hutoka kabla hujamaliza swali. Barabara. Lori linafika hadi mlangoni kwa mteja na treni haifiki, basi yameisha.

Jibu hilo huingia akilini upesi kwa sababu kwingine ni la kweli. Vituo vingi vya Afrika Mashariki vilinyang'anywa abiria na basi, na mizigo ikachukuliwa na lori. Kwa Maktau, hata hivyo, tarehe zinakataa. Reli ya kuvuka mpaka ilikatika mwaka 1977. Lami ya kati ya Mwatate na Taveta ilikuja katika muongo wa 2010, na katikati ya matukio hayo mawili watu wa huku walisafiri karibu miaka arobaini kwa vumbi la kiangazi na tope la masika. Kama barabara ndiyo muuaji, ilifika matanga yakiwa yamekwisha anuliwa.

Ninavyoona mimi, Maktau haikuwahi kuishi kwa ajili ya Maktau. Ilijengwa kwa sababu ya jambo lililokuwa mbele yake, ikaishi kwa mizigo ya watu waliokuwa mbali nayo pande zote mbili, na ikafa siku njia ilipokatwa kwa uamuzi ambao hakuna mtu wa Maktau aliyeulizwa. Anayetaka kujua kama itafufuka aanzie hapo, asianzie kwenye hali ya mataruma yanayoshikilia reli.

Jambo lililokuwa mbele yake lilikuwa vita. Agosti 1914, siku chache tu baada ya Uingereza na Ujerumani kuanza kupigana huko Ulaya, askari wa Kijerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Moshi wakaiteka Taveta. Nyuma yao walikuwa na reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga katika miaka ya 1890 na kufika Moshi mwaka 1911, urefu wa kilomita 352. Waingereza nao walikuwa na reli ya Uganda, iliyotoka Mombasa ikapita Voi na kumalizikia Kisumu. Baina ya reli hizo mbili kulikuwa na zaidi ya kilomita mia moja za nyika, sehemu kubwa yake haina maji. Doria za Wajerumani zilivuka nyika hiyo kwa miguu zikiwa na baruti, zikailipua reli ya Uganda na kutoweka. Kikundi cha watu wachache kinaweza kufanya hivyo kwa vibuyu na chupa za maji. Jeshi la maelfu, lenye farasi, nyumbu na mizinga, haliwezi.

Kwa hiyo mwanzoni mwa 1915 Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi. Waliofanya kazi ni vikosi vya reli vya wahandisi wa jeshi kutoka India, na hadi katikati ya mwaka reli ikawa imefika Maktau. Ikasimama. Mwezi Julai walijaribu kuwang'oa Wajerumani Mbuyuni, mbele kidogo ya hapo, wakarudishwa nyuma kwa hasara, na kwa zaidi ya nusu mwaka Maktau ikawa ndiyo mwisho wa reli. Kambi kubwa ikaota porini: mahandaki, maboma ya miiba, maghala, kiwanja cha ndege katika zama ambazo ndege yenyewe ilikuwa kioja, na maji ya kutoka milima ya Bura.

Hapa nataka tutue kidogo, maana ndipo penye asili ya kila kilichofuata. Stesheni za kawaida hujengwa kwa kufuata watu au mali. Muheza na Korogwe zilifuata mashamba, Kisumu ilifuata ziwa. Maktau ilifuata ramani ya kijeshi: mahali pa juu panapoonekana mbali, kwa umbali ambao maji yangeweza kufikishwa, na adui akiwa upande wa pili wa upeo. Hapakuwa na soko. Hapakuwa na shamba. Wataita wenyewe, watu wenye akili zao, walikuwa wamekaa milimani kwenye mvua na ardhi nzuri, na nyika ya chini ilikuwa ya malisho, mawindo na kupita njia tu.

Wageni wanaofika Maktau siku hizi huletwa na vita hivyo. Kuna safari za kitalii zinazopita Maktau, mlima Salaita na Taveta, na simulizi inayopendwa zaidi ni ya Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia aliyekuwa katika Royal Fusiliers, kikosi cha jeshi la Uingereza. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alijeruhiwa mguuni, na alipoona majeruhi wengine hawawezi kubebwa akataka aachwe pamoja nao. Aliuawa hapo. Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na kaburi lake liko Voi. Ni kisa cha ushujaa na simpunguzii hata chembe. Lakini Wahindi wana makaburi yao hapo hapo Maktau, na ni wageni wachache wanaoondoka wakijua kwamba watu wa kutoka upande ule ule wa bahari ndio waliowatandikia reli wanayoikanyaga. Wapagazi wa Kiafrika, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita vya Afrika Mashariki kwa njaa, homa na kuhara kuliko kwa risasi, hawana hata jina lililoandikwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri wazi kwamba wengi wao hawakukumbukwa kama walivyokumbukwa wenzao wa Ulaya. Miaka zaidi ya mia ilihitajika ili hilo liandikwe kwenye karatasi.

Vita vilisonga mbele mapema 1916. Februari, Waafrika Kusini walishambulia Salaita wakashindwa. Machi, chini ya Jenerali Smuts, Waingereza na wenzao walipenya kwenye vilima vya Latema na Reata, Taveta ikarudi mikononi mwao na Moshi ikafuata. Reli ikasogezwa nyuma ya jeshi, kipande kwa kipande, hadi ikaungana na ile ya Usambara pale Kahe, kusini-mashariki mwa Moshi. Njia iliyojengwa kuwashambulia wenye reli nyingine ikawa imeziunganisha reli hizo mbili, na Maktau haikuwa tena mwisho wa kitu chochote. Ilikuwa katikati.

Miaka ishirini iliyofuata naipita haraka. Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza, kwa hiyo ncha zote mbili za njia zikawa na bwana mmoja. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walijiunga, kwanza katika chama chao cha 1925, kisha mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Reli ilitoka Moshi ikafika Arusha mwishoni mwa muongo wa 1920. Mkonge ulishamiri Mwatate na kwenye ardhi kubwa za mlowezi Ewart Grogan upande wa Taveta. Moshi ikajikuta na milango miwili ya bahari, Tanga kwa reli ya zamani ya Mjerumani na Mombasa kwa njia ya Voi, umbali wenyewe haupishani sana. Mvutano wa bandari hizo mbili juu ya mzigo wa Kilimanjaro ulianzia hapo na haujaisha hadi leo. Nitaurudia.

Kwa wakati huo kazi ya Maktau ilikuwa ile ya stesheni ndogo ya njiani, kazi ambayo msomaji aliyekulia zama za lami huenda hajawahi kuiona. Reli yenyewe ni moja. Treni mbili zinazokuja ana kwa ana haziwezi kupishana popote isipokuwa penye stesheni, ambapo reli hugawanyika na moja ikajitenga pembeni. Dereva haruhusiwi kuingia kipande kinachofuata bila kibali cha stesheni masta, na stesheni masta hatoi kibali mpaka awasiliane na mwenzake wa stesheni ya mbele na kuhakikisha kipande hakina kitu. Basi hata kama hakuna abiria mmoja aliyepanda wala gunia moja lililoshushwa, Maktau ilikuwa na kazi: mtu wa kutoa kibali, mtu wa kubadili njia za reli, mtu wa taa za usiku, na genge la kukaza mataruma pamoja na mnyapara wake. Ongeza kiu ya injini ya mvuke, ambayo hunywa maji kwa matangi na kusimama kila baada ya mwendo fulani. Watu hao walipangiwa nyumba za reli, wakaleta wake, watoto wakazaliwa, mtu akafungua duka la kuwauzia sukari na sigara. Makazi mengi ya reli yalianza hivyo. Ndivyo kambi ya vita ilivyogeuka kuwa mahali pa watu, kwa mishahara ya watu wasiozidi wanaojaza lori moja.

Zingatia kwamba katika maisha hayo yote sikutaja mzigo wa Maktau. Ulikuwa mdogo. Kilichokuwa kinalipa mishahara ni mizigo iliyopita.

Na wakati wa kupita mizigo mingi ulikuwa mbele. Tarehe 1 Mei 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa zikawa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Uunganishaji huo ulikuwa wa ofisi kuliko wa chuma, kwa sababu Reli ya Kati ya Tanganyika, ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma na Mwanza, haikuwa imegusana na reli ya Tanga. Mwaka 1963 pengo hilo likazibwa kwa njia ya kutoka Ruvu hadi upande wa Korogwe. Chukua ramani ya reli ya mwaka huo ufuate kwa kidole: Kigoma, Tabora, Dodoma, Morogoro, Ruvu, Korogwe, Kahe, Taveta, Maktau, Voi, Nairobi, Nakuru, Tororo, Kampala, hadi Kasese chini ya milima ya Ruwenzori, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1956. Yote upana mmoja, mita moja. Behewa lililopakiwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika lingeweza kufika mpakani mwa Kongo upande wa Uganda bila kushushwa mzigo.

Njia nyingine ya kupitisha behewa kati ya Tanganyika na Kenya ilikuwa majini, kwa meli za Ziwa Viktoria. Nchi kavu ilikuwa hii tu. Kwa miaka kumi na minne, kutoka 1963 hadi 1977, reli za nchi tatu zilishikanishwa nchi kavu na kipande cha Voi hadi Kahe, na Maktau ilikuwa moja ya vifungo vyake. Sidhani kama wakazi wake waliwaza hivyo walipokuwa wakipunga mkono treni. Lakini ukitafuta siku za utukufu wa stesheni hii, usizitafute kwenye mahandaki ya 1915. Zitafute hapa.

Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mengi yameandikwa juu ya Nyerere, Kenyatta na Amin, na juu ya ndege za shirika la pamoja zilizofungiwa Nairobi mwanzoni mwa 1977. Reli haikupewa nafasi kubwa kwenye simulizi hiyo, ingawa ugomvi wake ulikuwa wa zamani zaidi: fedha zilizokusanywa nchi moja zisifike makao makuu, injini na mabehewa yakwame upande mmoja, karakana kubwa iwe Nairobi na wenzako wawe wanaisubiri. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Uganda na Tanzania zikaunda mashirika yao, Kenya ya kwake. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na mwezi Mei 1984, baada ya miaka ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, nchi tatu zilitia saini Arusha mgawanyo wa mali na madeni: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26.

Mkataba ule uligawa vitu vinavyohesabika, majengo, injini, meli, bandari. Kupita, yaani ule uwezo wa behewa kutoka Kahe hadi Voi bila kuuliza, hakukuwa na mstari wake kwenye vitabu vya hesabu, na kwa hiyo hakuna aliyekigawa wala aliyekirithi. Karibu miaka saba ilikuwa imepita. Wafanyabiashara wa Moshi na Arusha walikuwa wamezoea Tanga na Dar es Salaam, wale wa Mombasa walikuwa wamezoea kutazama Nairobi na Kampala. Mpaka ulipofunguliwa, mizigo haikurudi kwa wingi wa zamani.

Upande wa Kenya treni ziliendelea kwenda Taveta kwa miaka kadhaa. Taveta ina soko kubwa la ndizi siku za Jumatano na Jumamosi, na mama wa soko mwenye mikungu ya kupeleka Voi au Mombasa alikuwa mteja wa kweli. Hata hivyo mikungu ya ndizi haibebi reli ya zaidi ya kilomita mia. Watu wengi hawaelewi hili wanapolaumu menejimenti pekee. Gharama kubwa ya reli haifuati idadi ya treni. Daraja linaoza kwa mvua, halijali limepitiwa na treni kumi au moja. Taruma linazeeka kwa kasi ile ile. Stesheni masta hulipwa mshahara mzima hata akitoa kibali kimoja kwa siku. Njia iliyokuwa ikigawanya gharama hizo kwa mizigo ya nchi tatu ikabaki kuzigawanya kwa mji mmoja mdogo wa mpakani. Hesabu hiyo haina kocha wa kuiokoa.

Juu ya hapo, dizeli ilikuwa imechukua nafasi ya mvuke, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 injini za moshi zilikuwa zimekwisha kazini Kenya. Injini ya dizeli haisimami kunywa maji. Treni zikiwa chache hakuna za kupishana pia. Maktau ikapoteza kwa mfululizo mambo yote yaliyohitaji mtu awepo pale, na kufikia karne hii reli ilikuwa kimya. Linganisha na stesheni kama Mombo au Korogwe: hata zilipokosa abiria kwa miaka mingi, mji ulikuwapo nyuma yake wenye maisha yake. Nyuma ya Maktau kuna mbuga ya wanyama.

Ndipo lami ikaja, na ilivyokuja ndilo jambo ambalo wanaosema barabara imeua reli wangepaswa kulitazama kwa makini. Haikujengwa kama barabara ya Kenya iishie Taveta. Ilipangwa kama ushoroba mmoja, Arusha, Holili, Taveta, Voi, kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa nchi zote mbili, chini ya mwavuli wa Jumuiya mpya iliyozaliwa kwa mkataba wa 1999. Mwaka 2016 kituo cha pamoja cha forodha cha Holili na Taveta kilizinduliwa rasmi, ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Kwa maneno mengine, barabara ilipewa kile ambacho reli ilinyang'anywa 1977. Malori yanayopita Maktau leo bila kupunguza mwendo yanafuata wazo la reli ya 1963, kwa matairi.

Nikisema hivi kuna anayejibu kwamba reli za zamani zinafufuka, mbona hii isifufuke. Ni kweli zinafufuka. Tanzania ilirudisha treni ya mizigo kati ya Tanga na Moshi, Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafika Moshi, na 2020 ikafika Arusha, miji ambayo ilikuwa haijaona treni ya abiria kwa miongo. Kenya nayo iliifufua njia ya Nanyuki mwaka 2020 kwa mikono ya jeshi na vijana wa huduma kwa taifa. Mifano mizuri yote miwili, na yote miwili ina sifa moja: njia nzima iko ndani ya nchi moja. Waziri mmoja akiamua, hazina moja ikitoa, kazi imeanza. Voi hadi Kahe haina mwenye nyumba mmoja. Kenya inaweza kubadilisha kila taruma kutoka Voi hadi mpakani, ikapaka stesheni ya Maktau rangi, ikampeleka waziri kukata utepe, na bado itakuwa na reli inayoishia Taveta, yaani ile ile iliyoshindwa kujilipia baada ya 1977. Ahadi za majukwaani juu ya reli hii huwa hazigusi jambo hilo.

Swali gumu liko upande wa pili wa mpaka. Kwa nini Tanzania itumie shilingi yake kukarabati kipande cha Kahe hadi Taveta? Reli ya Tanga hadi Arusha inafanya kazi. Bandari ya Tanga imechimbwa kina na kupanuliwa kwa fedha nyingi ili ihudumie Kilimanjaro, Arusha na kwingineko. Kufungua njia ya Voi ni kuwapa wateja hao hao mlango wa kwenda Mombasa. Ni ule mvutano wa bandari mbili niliouahidi kuurudia, isipokuwa zamani mwamuzi alikuwa mmoja na akiamua ameamua. Sasa waamuzi ni wawili, kila mmoja na bandari yake, na simlaumu Mtanzania anayeilinda ya kwake. Mkenya angefanya vivyo hivyo.

Kuna pia suala la upana. Tangu Mei 2017 Kenya ina SGR, reli mpya iliyo pana kuliko ile ya zamani, kati ya Mombasa na Nairobi, yenye stesheni Voi. Upana wake ni milimita 1,435, wakati Kahe ni mita moja. Kontena litakalotoka Moshi kwa reli ya zamani litafika Voi na kuchagua: liendelee kwa reli kuukuu hadi Mombasa, au lihamishiwe kwenye behewa la SGR kwa gharama ya muda na kreni. Tanzania nayo imejenga SGR yake ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na ina mipango ya nyingine kutoka Tanga kwenda Arusha na kuendelea hadi Musoma. Hiyo ikijengwa, upana utalingana na wa Voi. Hapo tu ndipo naona hoja ya kiuchumi yenye miguu, na hata hapo njia mpya huenda isipite kabisa Maktau, kwa sababu wahandisi wa leo hawatafuti mahali pa kumchungulia Mjerumani, na njia ya zamani inakata ndani ya Tsavo Magharibi juu ya ardhi tupu, bila vivuko vya chini kama vile ndovu walivyowekewa kwenye SGR.

Ubaya wa mjadala wa ama-ifufuliwe-ama-isahaulike ni kwamba kuna kitu kinaharibika wakati sisi tunabishana. Reli ni chuma, na chuma kina bei. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu baada ya wizi wa vifaa vya umeme na reli kuvuka mipaka, na baada ya miezi michache ikaifungulia tena. Kwenye njia ambayo treni haipiti, hakuna anayegundua wizi siku hiyo hiyo. Vyuma vikiibwa, vinaweza kununuliwa vingine. Ardhi ni tofauti. Ukanda wa reli kutoka Voi hadi mpakani, ule mstari mwembamba wa mali ya umma unaopita katikati ya mashamba, malisho na mbuga, haukupatikana kwa fidia wala kwa mazungumzo. Jeshi la wakati wa vita liliutwaa. Serikali ya leo ikitaka kuupata upya italazimika kumlipa kila mmiliki, kwa bei ya ardhi iliyo kando ya barabara ya lami.

Kwa hiyo ningekuwa na neno kwa kaunti ya Taita Taveta na kwa shirika la reli, lingekuwa dogo kuliko la kufufua treni. Pimeni ukanda huo upya, wekeni vigingi vinavyoonekana, chapisheni ramani yake, na mtambue kwa haki familia zilizoingia ndani yake zamani kabla madalali hawajazitangulia. Nyumba za reli zilizobaki zipewe matumizi, na jengo la stesheni lielezwe kwa historia yake yote, mkiwamo genge la mnyapara na behewa la Kigoma, badala ya miezi ile ya vita peke yake. Hayo hayahitaji saini ya Dodoma, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kutandika reli. Kipande kimoja tu cha ukanda kikishapata hati ya mtu binafsi, siku Nairobi na Dodoma zitakapokubaliana, hata iwe mwaka ujao, treni itakosa pa kupita.